Kichwa haizimike usiku: kuandika, kupumua, kufukuza wazo ao kuiacha ipite, uchague nini?

Saa tisa ya usiku. Kadutu, hapa kwetu Bukavu, imenyamaza, mbwa tu njo zinalia kule chini, mvua inapiga ku mabati, na miye niko macho wazi nahesabu minervali ya watoto wawili, kitenge ya mama mumoja yenye sijamaliza kushona, na ile neno nilimujibu shemeji siku ya Mungu, ginsi alinyamaza kisha akaenda. Kichwa inazunguka sawa mashini ya kushona yenye mutu amesahau muguu ku pedale. Nilikuwa vile mara ine ku tano kwa juma. Ilianza mbele ya vita kuingia mu muji mwezi wa 2 mwaka 2025, na kisha pale ikazidi, asubui naenda ku atelie macho nyekundu, nakata kitambaa vibaya, naomba watu musamaha.

Sasa nalala. Si kila siku, lakini nalala. Mudogo wangu wa kike akaniuliza "yaya, ulifanya nini?" na nikamutajia vitu kumi kwa mbio, akajaribu yote mu juma moja, akachoka, akaniambia hakuna hata moja yenye inatumika. Kosa ilikuwa yangu, nilimupatia dawa kumi bila kumuuliza anaumwa wapi. Njo maana naandika hii, naweka vile vitu pembeni kwa pembeni ju kila mutu aone yenye inamufaa.

Na kitu ya kwanza ya kujua ni wazo yenyewe ni ya namna gani. Kuko wazo yenye iko na kazi ndani: kulipa, kupigia mutu simu, kumaliza kitenge. Kuko yenye inazunguka tu, haiko na jibu, "ju ya nini alinyamaza, labda amekasirika, ao hakunisikia", unarudi palepale mara hamsini. Na kuko picha ao neno mbaya yenye inaruka mu kichwa hata haukuiita, ya kuogopesha, ya haya hata kuisema. Kitu yenye inasaidia ile ya kwanza inaweza kuharibu ile ya tatu kabisa, na miye niliiharibia mutu, nitawaambia.

Zenye kazi ndani

Hizi njo rahisi. Kuko njia mbili: karatasi mbele ya kulala, na saa ya mawazo.

Karatasi ni hivi: daftari, dakika 5, unaandika yenye unapashwa kufanya kesho na siku zenye zinafuata. Mu 2018 ku chuo kikuu cha Baylor kule Texas walilaza vijana 57 mu chumba ya kupima usingizi, nusu wakaandika kazi yenye inawangojea, nusu wakaandika kazi yenye wamemaliza. Wale wa kwanza walisinzia mbele ya wengine kwa karibu dakika 9, na wenye waliandika mambo mingi na wazi njo walisinzia mbio zaidi. Miye nilishangaa ju nilikuwa nafikiri kuandika deni mbele ya kulala itaniamusha. Lakini kichwa ilikuwa inashikilia ile deni ju inaogopa utaisahau, ukishaiweka ku karatasi inaachilia. Paka uandike wazi. Usiandike "pesa ya masomo". Andika "saa mbili asubui, kupita ku masomo, kuomba nilipe nusu sasa, nusu mwisho wa mwezi". Ile ya kwanza ni woga, ile ya pili ni kazi.

Saa ya mawazo iko tofauti. Iliandikwa na Thomas Borkovec na wenzake kule Marekani mu 1983: unachagua nusu saa kila siku, saa ileile, nafasi ileile, si mu kitanda, na pale unawaza kwa nguvu yako yote. Wazo ikija saa ingine unaiambia "tutaonana saa kumi na moja" na unarudi ku kazi. Miye nilijaribu ku atelie kisha kufunga mashini, ku kile kiti ya pembeni ya mulango. Majuma mbili za kwanza ilikuwa nguvu sana, kichwa ilikuwa inakatala kungoja sawa mutoto wa njaa. Kisha nikaona kitu: saa ikifika, mawazo mingi inakuwa imekufa yenyewe, unaikala pale unatafuta ya kuwaza.

Kwangu karatasi njo ilishinda, ju haiombe nidhamu mingi. Lakini kaka yangu ni wa taxi-moto, mawazo inamukuta mu barabara na kliya ku mugongo, ataandika wapi? Yeye alichukua saa ya mawazo, anaifanya jioni akisha kupaki kule Nyawera mbele ya kurudi nyumbani. Kama kichwa inakusumbua usiku tu, karatasi. Kama inakufuata muchana wote ku kazi, ile nusu saa.

Zenye zinazunguka tu

Hapa karatasi haisaidie sana, ju hakuna kazi ya kuandika. Shemeji alinyamaza, basi. Hapa unapita ku mwili kwanza.

Kupumua: unavuta hewa mu pua, unaongeza kidogo tena juu yake, kisha unaiachilia mu kinywa polepole, murefu sana, sawa mutu mwenye ametua muzigo. Dakika 5. Ku chuo cha Stanford walilinganisha hii na watu wa kukaa kimya kuangalia mawazo yao, kila siku kwa mwezi muzima, na matokeo ikatoka mu 2023: wa kupumua vile njo waliinuka roho zaidi. Sababu iko mu mwili: ukitoa hewa polepole, moyo inapunguza mwendo, na kichwa inasoma ule mwendo wa moyo kama habari ya amani. Uzuri yake ni kama inafanyika popote, mu taxi, mu mustari wa kuchota maji, hata usiku wenye masasi inalia na hauko na nafasi ya kwenda.

Kulegeza mwili: daktari mumoja wa Chicago, Edmund Jacobson, alitumika juu yake maisha yake yote. Unakaza vidole vya miguu sekunde 5 ku 7, unaachilia mara moja, unasikiliza tofauti. Kisha miguu, tumbo, mikono, mabega, uso. Inaomba kulala chini na inakula dakika 15 hivi, kwa hiyo haiwezi kwenda nawe mu taxi. Lakini kuko watu wenye kupumua inawatia woga, wenye pumu, ao wenye wakianza kuangalia pumuzi yao wanasikia sawa inakatika. Kwa hao kulegeza mwili ni muzuri kupita, ju hauangalie pumuzi hata kidogo. Na watu wenye wamebeba mizigo muchana wote, mabega inakuwa mawe, hawajui hata kama wameikaza paka pale wanaiachilia.

Kisha kuko muchezo wa maneno, na hii naipenda kabisa. Ilitengenezwa na Luc Beaudoin, mutu wa kule Canada mwenye anasomea mambo ya akili. Unachukua neno, tuseme SAMBAZA, na kwa kila herufi unatafuta vitu vyenye havina undugu na unaiona kidogo mu kichwa. S: sabuni, simba, sahani, suruali. A: asali, askari, ananasi. M: muhogo, mulango, maziwa. Haufanye hadisi, unaona kimoja, unaacha, unapita ku kingine. Akili ya mutu mwenye anasinzia inatengenezaka picha zenye hazifuatane, basi hapa unaiga ile hali, na wazo ya kuzunguka inakosa barabara ju yenyewe inaomba mambo ifuatane. Miye mara mingi sifikiaka Z. Lakini muangalie, siku yenye roho inapiga sana muchezo hautoshe, anza na kupumua kwanza, kisha maneno.

Kuamuka kutoka kitanda njo kitu yenye watu hawapende kusikia. Richard Bootzin aliiandika mu 1972, na leo wanaisema hivi: ukiona sawa dakika 20 zimepita bila usingizi, toka mu kitanda, ikala nafasi ingine na mwangaza kidogo, rudi ukisinzia. Ju kitanda inajifunza, ukiwaza pale miezi sita kitanda inakuwa nafasi ya kuwaza, unaweza kuwa unasinzia ku kiti na ukifika ku mutosho macho inafunguka. Najua nyumba zetu, chumba moja watu wanne, ukiamuka unakanyaga mutu, umeme wa SNEL haiko. Miye naikalaka ku kabanchi ya jikoni na tochi ndogo. Kama hauko na jikoni, ikala tu, mugongo ku ukuta, miguu mu blanketi, lakini usibaki umelala. Kwa mutu mwenye tatizo ni ya juma moja, muchezo wa maneno unatosha. Mwenye anahesabu miezi, hii njo naona inamaliza tatizo zaidi, hata kama ni yenye inachosha kuanza.

Picha mbaya yenye hukuiita

Jirani yangu, mama wa kijana, alisafiri na mashua ya Bukavu kwenda Goma, mutoto wake wa miezi mitatu mu mikono. Alikuwa amesimama pale pembeni anaangalia ziwa, na mu kichwa ikaruka: mutupe. Ile tu, neno moja na picha ya mutoto anashuka mu maji. Akakimbia ndani, akaikala chini, jasho inatoka, akamushika mutoto kwa nguvu paka mutoto akalia. Tangu pale hakupita tena na mutoto karibu na ngazi. Kuogesha mutoto akaachia mama mukwe. Akaenda ku chumba cha maombi, wakamwambia ni pepo ya kuua, akafunga siku tatu, na picha ikaongezeka.

Naomba nisikilizwe vizuri hapa. Mu 1978 Rachman na de Silva, watafiti wa London, waliuliza watu wazima wazima kabisa, wenye hawako na ugonjwa, na wengi kabisa wakasema wanapataka mawazo za vile. Mu 2014 ikatoka utafiti ingine ya nchi 13, wanafunzi 777 wa chuo kikuu, karibu 94 kwa 100 walikuwa wamepata hata moja mu miezi mitatu. Kusukuma mutu mu barabara, kutukana mu kanisa, kuumiza mutoto. Wamama wenye wametoka kuzaa njo zinawafikia sana. Ile wazo si hamu yako, si unabii. Inakuogopesha ju yenyewe inagusa kile unapenda kupita yote. Mutu mwenye anataka kweli kuumiza mutoto hatoke jasho vile.

Sasa uchague nini? Wengi wanachagua kufukuza. Mu 1987 Daniel Wegner kule Texas aliomba wanafunzi wasifikiri dubu mweupe kwa dakika 5, wapige kengele akiwajia. Kengele ikalia. Na pale waliruhusiwa kumufikiri, wenye walikuwa wamekatazwa mbele walimufikiri zaidi kuliko wenzao. Sisi hatujue dubu, jaribu na gorila wa Kahuzi-Biega, dakika moja tu, usimuone ule muzee mugongo mweupe. Ju ya kujua kama haumufikiri, akili inapashwa kumutafuta, na ikimutafuta inamukuta.

Kuiacha ipite ni kitu ingine. Wazo ikija unaiita jina: "niko na wazo kama nitatupa mutoto." Hausemi "nitatupa mutoto", unaongeza yale maneno ya mbele, na inakuwa kitu yenye unaangalia, haiko tena weye. Kisha unaendelea na yenye mikono ilikuwa inafanya. Hauikimbie, hauipige, hauombi mara 40 ju ya kuifuta, na hauulize bwana yako kila jioni "miye ni mubaya?", ju kila mara anakujibu hapana unatulia saa moja na kesho unahitaji jibu mara mbili. Inaogopesha siku za kwanza. Wazo inabaki dakika ao saa, hauko na furaha. Lakini haupigane nayo, basi inakosa chakula.

Kuko utafiti mupya wenye unapingana na Wegner na siwezi kuuficha. Mu 2023 Zulkayda Mamat na Michael Anderson wa Cambridge walifundisha watu 120 wa nchi 16, kwa siku tatu, kusimamisha picha za woga wao, na wengi wao roho ikapona kidogo, zaidi wenye walikuwa na majeraha ya roho. Miye nasoma tofauti hivi: wale walikuwa na mualimu, kila picha sekunde chache, wanaiangalia usoni wanaifunga, kisha wanapita. Haikuwa vita ya siku nzima sawa ile ya mama wa mashua. Kama uko peke yako nyumbani bila mutu wa kukufundisha, nachagua kuiacha ipite, bila kusita.

Na karatasi hapa? Njo ile kosa niliwaambia. Niliona karatasi imenisaidia, nikamwambia yule mama aandike mawazo yake mbele ya kulala. Akaandika. Kisha akaanza kusoma yenye aliandika ju aone kama ni mutu mubaya, anasoma mara kumi, anaficha daftari chini ya mutosho, anaogopa bwana ataikuta. Hakuna kazi mu ile wazo, sasa utaandika nini? Nilimuomba musamaha na tuliichoma pamoja ku mbabula.

Yenye watu wanachukua mbele ya zote

Pombe nitasema kidogo. Primus ao kasiksi inalalisha mbio, ni kweli, lakini nusu ya pili ya usiku inakuamusha na mawazo inakungojea pale. Kahawa ya saa kumi, nusu yake ingali mu damu saa tatu ya usiku. Simu, hauwazi pale unaangalia video, lakini ukiiweka chini wazo ingali palepale na saa mbili zimepotea. Muchezo wa maneno unafanya kazi ileile bila mwangaza mu macho.

Vidonge njo vinanihuzunisha. Diazepam, farmasi zingine zinakuuzia bila karatasi ya daktari, moja moja. Inalalisha. Ila majuma chache tu mwili inazoea, inaomba mbili, na ukiiacha mara moja kisha kuizoea usingizi inakimbia kabisa na unaweza hata kupata kifafa. Daktari akikupatia kwa siku chache na akufuate, ni sawa. Kama unakunywaka tangu miezi, usiache peke yako leo kwa sababu umesoma hii, enda umwambie daktari akupunguzie polepole.

Maombi. Miye ni wa rozari na sitaiacha. Mu 2001 Luciano Bernardi na wenzake wa Italia walipima watu wenye wanasoma Salamu Maria kwa Kilatini, na pumuzi yao ilishuka karibu mara 6 kwa dakika, polepole sana, na moyo ikafuata. Kumbe bibi zetu walikuwa wanafanya ile ya kupumua. Lakini kuko maombi ya kutulia na kuko maombi ya kuogopa. Yenye inasema "niko mu mikono yako" na inaenda polepole, hiyo inatuliza. Yenye unahesabu, ukikosea neno unaanza upya ju kitu mbaya isifike, ile ni wazo mbaya yenye imevaa nguo ya kanisa. Ongea na padri ao pasta mwenye hatakuita mutu wa pepo.

Rafiki ao psikologa? Rafiki ni kwa yenye inazunguka, mara mingi nusu saa pembeni ya mbabula inamaliza. Lakini kama imepita majuma na kazi inashindikana, kama unanawa mikono ao unaangalia kufuli saa nzima kila siku, kama vita inarudi mu kichwa sawa inafanyika tena sasa, usimubebeshe rafiki. Hapa Bukavu kuko SOSAME, ni ya magonjwa ya akili na roho, na si ya "wazimu" sawa watu wanasema mu kartie. Kuko Panzi, lopitali yenye daktari Mukwege alianzisha mu 1999, yenye iko na wasaidizi wa roho pia. Na kama wazo ni ya kujiua, hapo hakuna kulinganisha, usilale peke yako usiku huo, ambia mutu wa nyumba leo na akupeleke. Hata kama ni saa nane ya usiku, amusha mutu.

Yule mama wa mashua alienda ku wasaidizi wa roho. Njia yenye walitumia naye inaanzia ku psikologa mumoja wa London, Victor Meyer, mu 1966: kusogelea polepole kile unaogopa bila kufanya ile tambiko ya kujilinda. Kwanza alibeba mutoto karibu na ngazi, ngazi ya tatu tu. Kisha juu. Kisha kumuogesha na mama mukwe pembeni, kisha mama mukwe inje. Ilichukua miezi, siku zingine alirudi analia.

Juzi alipanda tena mashua ya Goma. Aliniambia wazo ilirudi, pale karibu na Idjwi, neno ileile moja. Alikuwa anamunyonyesha. Akaendelea kumunyonyesha.